Mwenye Mlio

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Bariadi na shahada ya fizikia, kompyuta mpakato yenye ufa pembeni, na kazi ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote kwa maneno machache. Wazazi wangu wanaishi Somanda, mjini, jirani na wapangaji wenye redio kubwa na vijana wa bodaboda wanaojaribu injini zao alfajiri. Nikahamia kwa baba mdogo, nje kidogo ya mji, ambako pamba iko upande mmoja wa nyumba na zizi upande wa pili. Mtandao ulishika vizuri ukikaa mgongo kwa ukuta wa ghala, kwa hiyo hapo ndipo ofisi yangu ilipokuwa.

Bibi naye alikuwa anaishi hapo. Ni mama yake baba yangu na baba mdogo. Macho yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Aliona tofauti ya kivuli na jua, basi. Mchana alikaa kwenye kiti chake karibu na ghala, na kwa kuwa ofisi yangu ilikuwa hapohapo, tukawa wafanyakazi wenza.

"Mke mwenzangu," aliniuliza wiki ya kwanza, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "hicho unachobonyeza kutwa nzima kinaota lini?"

Nikajaribu kumweleza. Kuna darubini, nikasema, ambazo hazitazami mwanga. Zinapokea mawimbi ya redio kutoka angani na kuyachora kama madoa kwenye ramani. Doa linakwambia tu kwamba upande fulani kuna kitu kinachotoa mawimbi. Halikwambii ni kitu gani. Kwa hiyo unachukua picha ya kawaida ya kipande kilekile cha anga, picha ya mwanga, na kutafuta ni galaksi ipi kati ya zote zilizomo ndiyo mwenye lile doa. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa amenipa orodha ndefu ya madoa, nami nilitakiwa kulitafutia kila moja mwenyewe.

Bibi alifikiri. "Unasikia kengele, halafu unatafuta ng'ombe."

"Mawimbi ya redio si sauti, bibi."

"Sawa. Lakini unasikia kengele, halafu unatafuta ng'ombe."

"Karibu hivyo."

"Miaka yote hiyo chuoni, kumbe walikuwa wanakufundisha kuchunga." Akacheka mpaka akakohoa.

Bibi alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke wa rika lake. Zamani, baada ya kumzika babu, alilima pamba yake na kwa mavuno yake akanunua mtamba mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Tangu hapo hakuacha uzao ule ukatike. Kila mama alimwacha binti, na yule wa sasa alikuwa mwekundu mwenye baka vilevile. Alivaa kengele iliyofuliwa na mhunzi wa Nyalikungu, kule Maswa, na kengele hiyo ilikuwa imepasuka kidogo. Mlio wake ulikuwa mkavu, kama kijiko kwenye sufuria tupu. Jioni ng'ombe waliporudi, bibi alisimamisha kila kitu, hata sala, mpaka mlio ule upite mbele yake na kuingia zizini. Ndipo alipoomba chai.

Mimi si mtu wa kuamini kwa urahisi. Kanisani nilikuwa yule mtoto aliyemuuliza katekista maji ya gharika yalikwenda wapi. Lakini jioni ile ya kengele niliipenda bila kuihoji, na huenda ndiyo sababu nilichelewa kuona.

Kazi yangu, wakati huo, ilikuwa imeniaibisha. Nilikuwa nimejiwekea kanuni: kwa kila doa, chagua galaksi iliyo karibu nalo zaidi. Ilikuwa kanuni safi, isiyotegemea macho wala hisia za mtu, na niliiheshimu. Mwalimu alirudisha fungu la kwanza na alama nyekundu nyingi. Aliandika hivi: wa karibu si lazima awe mwenyewe. Nyingine ulizochagua zimesimama tu njiani. Na kuna madoa yanayokuja mawili mawili, moja huku na moja kule, kwa sababu galaksi moja katikati inarusha mawimbi pande zote mbili. Wewe umeyatafutia wenyewe wawili tofauti, na mwenyewe halisi umempita.

Nilikuwa bado naiuguza barua hiyo siku hospitali ilipopiga simu kwamba bibi apelekwe Jumatatu kufanyiwa upasuaji wa jicho moja. Tulikuwa tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nikamuuliza bibi angependa kuona nini kwanza.

"Ng'ombe wangu," akasema, bila kuwaza.

Baba mdogo aliacha kutafuna. Mama mdogo, mke wake, aliinuka kwenda kuchukua maji, ingawa mtungi uliokuwa mbele yetu ulikuwa umejaa.

Watu wengine wangeliacha hilo lipite. Jioni yake nilienda zizini kabla ya kiza na kumtafuta mwenye kengele. Alikuwa wa kijivu, pembe fupi, tumbo kubwa, hana baka hata la dawa. Nikawapitia wote mmoja mmoja. Mwekundu mwenye baka hakuwemo.

Baba mdogo alikuwa amesimama langoni, ananiangalia ninavyohesabu.

"Alikufa kiangazi kilichopita," akasema kabla sijauliza. "Ulikuwa kwenye mitihani. Mama alikuwa anaumwa, hali chakula. Ningemwambia nini? Nikaivua kengele nikamvisha huyu. Nilisema ni ya wiki moja tu, apate nguvu kwanza."

"Na sasa ni mwaka."

"Na sasa ni mwaka. Kila jioni anasema 'wangu amefika', halafu anaomba chai. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

Nikamtazama tena yule wa kijivu.

"Nimefikiri," akaendelea, na sauti yake ikapata uhai kidogo. "Jumamosi kuna mnada. Wekundu ni wengi. Nikipata mwenye baka..."

"Baba mdogo."

"Wewe si ulisema kazi yako ni kuutafutia mlio mwili? Basi nitafutie."

Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo nilivyofeli juzi: kumpachika mwenyewe yeyote aliyekaa karibu na kufanana. Hakuelewa, lakini alielewa kwamba nimekataa. Akasema ikifika Jumanne bibi atafunguliwa jicho na kujua kwamba mwanawe wa mwisho amemdanganya mwaka mzima, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi, si ng'ombe. Nilimwona kama mtoto wa miaka kumi.

Lakini swali jingine lilikuwa limeniingia na halikutaka kutoka. Bibi alijisifu kwamba anamjua kila ng'ombe kwa masikio. Ama hilo lilikuwa maneno tu ya mtu mzima, ama alikuwa anajua kwamba wake amebadilishwa. Haikuwezekana yote mawili yawe kweli: anamjua, na hajui.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi, kabla ng'ombe hawajaenda malishoni, nikafanya jaribio. Nilimfungua yule wa kijivu kengele, nikaishika usawa wa kifua, na kutembea polepole kando ya ua, nikiitikisa kwa hatua zangu, mpaka nikampita bibi.

Hakugeuza hata kichwa. "Mke mwenzangu," akasema, "ng'ombe havai ndala."

Nikakaa chini karibu naye, kengele mapajani. Sikuwa na namna nzuri ya kuuliza, nikauliza tu. "Huyu anayerudi nayo jioni, bibi. Ni wako?"

"Kengele ni yangu. Aliyeivaa ni mgeni." Alinyoosha mkono, akaipokea, akapitisha kidole kwenye ufa. "Wangu alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Mlio mmoja mzito, mmoja mwepesi. Huyu anatembea kama anakwenda harusini."

"Ulijua lini?"

"Jioni ya pili. Ya kwanza nilikuwa na homa."

"Na mwaka mzima umenyamaza?"

"Mwanangu alikuwa anajitahidi. Kila siku anakuja, 'mama, umemsikia?' Nimwambie sijamsikia? Aweke wapi uso wake?" Akaitikisa mara moja. "Tena kengele naipenda."

Nilitaka kukasirika kwa niaba ya ukweli, kama ninavyofanya kwa kawaida, nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Ndipo bibi akaniambia kilichokuwa kikimsumbua, na hakikuwa kile nilichokidhania.

"Nataka kujua jambo moja tu. Kabla hajafa alikuwa ana mimba. Nilimpapasa tumbo mwenyewe. Ameacha mtoto, au uzao umekatika? Na hilo siwezi kumuuliza mwanangu, kwa sababu nikiuliza habari za mtoto nitakuwa nimeuliza habari za mama."

Hapo niliona ubaya hasa wa ule uongo. Ulikuwa umewafunga midomo wote wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake, na kati yao swali moja jepesi lilikuwa limekaa mwaka mzima bila jibu.

Nilimkuta mama mdogo jikoni. Sikupata hata nafasi ya kumaliza swali. Kwenye mlango wa jiko alikuwa amesimama mtamba mdogo mwekundu, anagonga ndoo kwa pua, na mama mdogo anamfukuza kwa mwiko bila nguvu yoyote.

"Huyu?" akasema. "Huyu ndiye wa marehemu. Mama yake alimzaa leo akafa kesho. Nimemlea kwa ndoo, mimi mwenyewe, ndiyo maana hana adabu. Kila asubuhi yuko hapa anadai uji."

Sikumwamini moja kwa moja. Familia hii ilikuwa imeshanionyesha inavyoweza kumbadilisha ng'ombe. Nikamuuliza baba mdogo peke yake, kisha kijana wa jirani aliyesaidia kumfukia yule ng'ombe, naye peke yake. Majibu yalikuwa yaleyale, mpaka rangi ya ndoo. Lakini mtamba mwenyewe hakuwa na baka. Paji lake lote lilikuwa jekundu.

Nilipomrudishia bibi habari, alishika kichwa. "Hicho kinachogonga ndoo asubuhi? Mwaka mzima namtukana. Nilidhani mbuzi wa jirani."

Alinitaka nisimwambie baba mdogo kwamba anajua. "Mwache aseme mwenyewe. Tumpe mpaka Jumapili."

Jumapili baada ya ibada baba mdogo alivuta kigoda, akakaa mbele yake na kuanza na mvua. Kutoka kwenye mvua akaenda kwenye wadudu wa pamba. Kutoka hapo akaenda kwa ndugu wa Bukundi na malisho yao. Bibi aliitikia kila kitu kwa upole mkubwa, wala hakumsaidia hata neno moja. Mimi nilijificha nyuma ya kompyuta.

"Mama," akasema mwishowe, "yule ng'ombe."

"Mhm."

"Hayupo, mama. Alikufa."

Bibi alinyoosha mkono mpaka ukapata bega lake. Kisha akasema, "Pole, ng'wana wane, mwanangu. Umeubeba mzigo huu peke yako," na mara moja, kama mtu aliyeishikilia pumzi, "Na mtoto wake je?"

Baba mdogo alimtazama, akanitazama mimi, na nadhani alielewa yote kwa pamoja, maana alianza kucheka huku anafuta uso kwa mkono wa shati.

Jumatatu alifanyiwa upasuaji, Jumanne akafunguliwa jicho. Wiki hiyo nililipitia upya fungu langu la madoa, safari hii bila kanuni ya karibu. Nilianza na yale ya mawili mawili, nikitazama katikati, mahali ambapo mara ya kwanza niliona giza tu. Mara nyingi kulikuwa na galaksi hafifu hapo, ndogo, ya kuchosha macho. Sitasema bibi alinifundisha astronomia. Mwalimu alikuwa ameshaniandikia. Mimi ndiye sikuwa nimesikia. Yale ambayo hata katikati hapakuwa na kitu, niliandika: bado haijaonekana. Fungu lilirudi na alama nyekundu chache sana.

Lakini jioni ninayoikumbuka ni ile ya Jumanne. Bibi alikaa kwenye kiti chake na miwani ya giza ya hospitali, sote tumesimama kama tunaopigwa picha. Ng'ombe wakaingia. Yule wa kijivu alipita na kengele yake, hatua za harusi.

"Kumbe ni wewe," bibi akamwambia.

Baba mdogo aliharakisha kuifungua ile kengele amvishe mtamba. Bibi akamzuia. "Mwachie. Ameifanyia kazi. Na shingo ya mtoto bado nyembamba."

Kisha akamgeukia mtamba mwekundu. Alimtazama muda mrefu, na nikaona kitu kama mashaka kikipita usoni mwake, nikashtuka, kwa sababu mashaka ni mali yangu mimi katika ukoo huu.

"Hana baka," akasema.

"Hana, mama," akasema baba mdogo, sauti chini.

Mtamba, ambaye hakujua kwamba anahukumiwa, aliacha kundi na kushika njia ya jikoni. Bibi alivua miwani, akafumba lile jicho moja jipya alilorudi nalo kutoka hospitali, akatega sikio. Tulisikia kwato, kisha kimya, kisha ndoo ikigongwa, na mama mdogo akianza kufoka.

"Ndiye," bibi akasema. Alifumbua jicho, akaomba chai.