Silabi Iliyomezwa na Gitaa

Basi letu lilikata roho njiani, nikajikuta nimepanga chumba katika mji ambao hata sikuwa nimeukusudia. Nyuma ya ukuta niliisikia cherehani, kisha gitaa la umeme lisilochomekwa popote, likilia kwa mbali kama mbu.

Mwenye nyumba alikuwa akipiga pasi mashuka. Aliniambia huyo ni kaka yake, Konokono, fundi wa makochi, nisijisumbue kumgongea. Wateja humwachia viti mlangoni.

Zamani kaka huyo alikuwa na nywele kama kiota, bendi ya roki na santuri moja tu. Ndani yake alimwimbia mama yao, akiaga nyumbani: "Mama, usiningoje." Lakini mpiga dramu alizitwanga ngoma zake bila huruma, gitaa likaimeza ile "si", na redioni ikasikika "Mama, uningoje." Vijana wakaupenda wimbo hivyo hivyo. Mama naye akausikia hivyo hivyo. Akaacha kutia komeo, na kila jioni akawa anafunika sahani ya mwanawe.

Kaka alipopata habari, aliiacha bendi katikati ya ziara, akaja kumsahihisha.

"Alimkuta mama anafunika sahani," dada mtu alisema, akikunja shuka. "Akanawa mikono, akala. Basi."

Hakumwambia kitu, wala hakurudi jukwaani. Mama alifariki, lakini yeye akabaki ndani na makochi yake. Sasa wenzake wa bendi walitaka wapige pamoja kwa mara nyingine moja, na dada mtu alihofu kwamba asipotoka safari hii, hatatoka tena.

Asubuhi mpiga dramu akaja na gari, upara unang'aa. Akaegemea dirisha la fundi.

"Konokono, unatoka, au nikutilie chumvi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Nitapiga taratibu, ndugu yangu. 'Si' yako itasikika mpaka barabarani."

Mlango ukafunguliwa. Alitoka mzee mwembamba, ananuka gundi, gitaa kalishonea mfuko wa kitambaa cha kochi. Akamshika dada yake bega.

"Mdogo wangu, usiningoje."

"Leo nimesikia," dada akajibu, akicheka huku anafuta macho.

Gari likapinda kona. Mimi basi langu lilikuwa bado linangoja vipuri, nikarudi ndani. Jioni ile tulikula wawili, na mezani kulikuwa na sahani ya tatu, imefunikwa.