Mizizi Iliyopikwa Zinga

Mizizi ya mjafari, mti wa dawa, iliyokuwa ikipelekwa maabara Dar es Salaam ilikuwa imekufa. Aliyeiua ni Mwishehe Rehani, mchimba dawa wa Zinga, kusini ya mji wa Bagamoyo. Kwa miezi minane aliichovya kwenye maji ya moto kabla ya kuikabidhi.

Asubuhi hii yuko porini Makurunge, amepiga magoti, anafukua shina kwa jembe. Anakata mizizi ya upande wa mashariki. Ya magharibi anaifukia, mti usife.

"Baba alinifunza hivi," anasema. "Na alinifunza kwamba mzizi wa kumuuzia mgeni huchovywa maji ya moto. Dawa haipungui, ila hauoti tena. Mgeni akiweza kuuotesha kwake, wewe atakutafutia nini?"

Wa maabara walitaka hasa uote. Mtaalamu wao, Majaliwa Kitwana, alimweleza mapema mwaka jana, 1974: kipande kibichi cha mzizi hutiwa chupani pamoja na chakula chenye sukari, kikaongezeka kama donge la unga, na dawa ikatolewa humo bila kuchimba porini. Kazi ikifaulu, Mwishehe angeajiriwa kutunza bustani ya mijafari.

"Nikamuuliza, mti ukishaota chupani, bustani ya nini? Akacheka. Mimi sikucheka."

Ahadi ile haikuandikwa popote. Mwishehe aliendelea kuchovya.

Chupani hakikuota kitu, vipande vilioza. Kila vilipooza, maabara iliagiza vingine. Mizizi ya mashariki ikaisha, Mwishehe akakata na ya magharibi.

Siku moja Majaliwa alifika Zinga bila taarifa. Mwaija, mke wa Mwishehe, alikuwa jikoni uani.

"Shikamoo mama. Mnapika nini?"

"Marahaba mwanangu. Tunapika mizizi yako. Karibu."

Majaliwa alitazama sufuria, akakaa chini. "Mzee, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Mwishehe akamjibu. "Ulisema unataka mizizi. Nimekupa mizizi."

Nyumbani, Mwaija anapolikumbuka jambo hilo humgeukia mumewe. "Umemficha mgeni mpaka umejificha mwenyewe. Haya, chimba."

"We mwanamke, ningempa mbichi, leo ungekuwa unanicheka vilevile."

Huenda. Majaliwa anasema ajira ilikuwa ya kweli. Alipoulizwa ingekuwa ya muda gani, alisema hilo si lake kuamua.

Mwishehe anafunga mizizi yake kwa kamba ya ukindu. Anasema mvua zikianza atapanda miche ya mjafari nyuma ya nyumba yake, na hatamwomba mtu ruhusa. Mwaija anasema habari ya miche hiyo ameisikia tangu masika yaliyopita.

Mijafari sita iliyokuwa karibu na Zinga imekauka yote. Maabara imegeukia mmea mwingine na mchimbaji mwingine. Kazi ya bustani haipo. Mzizi aliokuwa akiupata kabla ya chai ya asubuhi, Mwishehe sasa huufuata Makurunge, akatoka leo akarudi kesho.