Vali Nane na Majivu ya Mama

Juzi mjukuu wangu alinipitisha gereji moja ya Nyakato, gari lake lilikuwa linakohoa. Nikajiambia nitakaa kwenye benchi ninyamaze. Wapi! Fundi alikuwa amefungua injini, mkononi ana kitu kama uyoga wa chuma, bua refu na kofia bapa, cheusi kwa masizi. Harufu ya grisi na mafuta ya taa ikaniingia puani, nikajikuta niko uani kwetu, miaka ile ya Mwingereza, chini ya majabali ya Mwanza, namsikia mama akisugua.

Ile ni vali, rafiki yangu. Kazi yake ni kama ya kifuniko cha chungu: hufunguka petroli na hewa viingie, au moshi utoke, kisha hufunga. Isipofunga sawasawa utazungusha hendeli ya kuwashia mpaka bega likung'oke. Nayajua haya kwa sababu baba alikuwa fundi. Ufundi aliuokota kwenye mashine za kuchambua pamba, na kila kilichokuwa chini ya boneti alikijua kwa jina: kabureta, plagi, rejeta. Jioni alituuliza majina hayo sisi watoto huku tukimenya viazi vya matobolwa, vile vya kuchemshwa na kuanikwa, na aliyekosea alichekwa mpaka kulala.

Gari lenyewe lilikuwa la Mhindi mwenye duka la nguo. Dogo, la kijani, viti viwili, halina paa, boneti limefungwa kwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mzee. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya mbio, na kwetu kuku walitagia kwenye kiti. Mhindi alikuwa amelipatia mnunuzi Bukoba, na meli ilikuwa iondoke Jumatatu. Akamwambia baba, "Fundi, ukiliwasha, Jumapili lijaribu wewe. Nenda nalo utakako."

Baba hakuwa na haja ya kufikiri. Bibi, aliyemzaa mama, alikuwa Magu, na macho yake yalikuwa yanazima. Alituma ujumbe kwa wapita njia: mwambieni mwanangu aje nimwone uso, bado naona kidogo. Mama goti lake lilikuwa bovu, mwendo ule asingeuweza, na malori ya pamba yalikuwa hayapiti mpaka msimu. Ilikuwa Jumapili ile au basi.

Ijumaa baba akafungua injini. Vali nane akazipanga kwenye ungo kwa mpangilio wake, maana kila vali imezoeana na tundu lake, ukiihamisha haifungi vizuri. Akaenda mjini kutafuta gasketi. Hakumwambia mama kwamba zisiguswe.

Nayo Ijumaa hiyohiyo mawifi wakaleta habari kuwa wanakuja. Wewe uliyeolewa unajua wifi akiingia uani anatazama nini kwanza. Sufuria yenye masizi ni habari ya ukoo mzima. Mama akasugua kila kilichokuwa cheusi pale uani, kwa majivu na mchanga wa ziwani, akafika kwenye ungo, akasugua na vali. Zikang'aa. Akazianika juu ya jabali pamoja na vikombe. Mawifi wakaja, wakala sato na ugali wa mtama, wakausifu uwanja, wakaondoka.

Baba aliporudi alizitazama, akakaa chini.

"Nani kazipanga hivi?"

"Mimi. Zilikuwa zinatia aibu."

"Mama watoto, yale masizi ndiyo yangenionyesha ipi ni ya wapi."

Mama aliingia ndani, nikamsikia akilia kwa kujizuia. Moyo uliniuma, kwa sababu njia ya kwenda kwa mama yake alikuwa ameifunga kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa usafi. Mpaka leo nawakasirikia mawifi wale, na wote wameshatangulia.

Baba hakugomba. Alisema kila vali itafutiwe tundu, kisha isagwe upya mpaka vipatane, ila unga wa kusagia hana. Mama akatoka, macho mekundu, akaokota kipande cha tofali akakiweka kwenye jiwe lake la kusagia mtama.

"Kusaga hakuna wa kunifundisha," akasema.

Jumamosi unga ule wa tofali ulichanganywa na oili. Mama alikaa kutwa kwenye kigoda mbele ya injini, kijiti katikati ya viganja, akipekecha vali kama anayewasha moto wa zamani. Baba alimwaga mafuta ya taa juu, akachungulia chini. Yakivuja, alisema, "Bado." Mama akapekecha. "Bado." Akapekecha. Mpaka vali ya mwisho inakataa kuvuja, viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

Jumapili gari liliitikia hendeli. Mama akajifunga kanga kichwani, mimi mapajani mwake, tukapita Buzuruga, enzi hizo mihogo mitupu, vumbi linatufuata na mama anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Mama akapiga goti lake zima.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Aliushika uso ule kwa mikono miwili, akausogeza karibu kabisa na jicho lake, akautazama bila haraka, paji, pua, kidevu. Kisha akashuka kwenye viganja, vyeusi kwa oili, vimechubuka.

"Mwanangu, wanakufanyisha kazi gani huko?"

"Nilikuwa nakuja kwako, mama."

Ndipo bibi akasema, "Marahaba."

Gari likapanda meli. Macho ya bibi yalizimika kabla pamba haijachanua, lakini aliishi sana, na ukimuuliza sura ya mama ikoje, alikueleza kama ameagana naye asubuhi ile. Sasa wote hawapo. Furu, wale samaki wadogo tuliowala, hawapo ziwani, na mawe ya kusagia yamekuwa vizuizi vya milango. Yule fundi wa Nyakato aliniambia siku hizi vali ikichakaa inatupwa, inanunuliwa nyingine.

Nikamwomba ile aliyotaka kutupa. Ipo dirishani kwangu, na masizi yake. Wajukuu wanataka kuisugua. Nimewakataza.