Nilimtafsiria Uongo Mtunza Farasi Wetu

Assalam alaykum. Admin, nifichie jina, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, naishi Maskati, nna gereji yangu mtaa wa Ghala. Wazee wangu walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani tumekuzwa kwa Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho kilichonitia kwenye balaa hili.

Miaka mitatu iliyopita tulinunua farasi jike wa mbio kwa ushirika, watu watatu: mimi, kaka wa mke wangu, nimwite Khalfan, na rafiki yake wa Salala ambaye hana habari ila ya kutumiwa picha. Tulimwita Marjani. Farasi wa ushirika, niwaambie ukweli, ni kama sufuria la shughuli, kila mtu anaonja na hakuna anayekoroga. Kumwondoa mudarrib, yaani yule anayemfundisha farasi mbio, lazima tukubaliane wote, na sisi hatukubaliani hata siku ya kukutana. Mudarrib wa kwanza alikuwa haonekani bandani mpaka tutangaze kuwa tunakuja. Wa pili alimlisha Marjani akanenepa kama mwari aliyewekwa ndani. Huyu wa sasa kaletwa na Khalfan kwa sababu walisoma pamoja. Msimu huu alisahau kumwandikisha farasi mbio za kwanza. Za pili tukaondolewa kwa sababu viatu vyake vya chuma vilipigwa vibaya. Mafundi wangu wa gereji wakiniuliza, "Bosi, huyu farasi wenu anakimbia, au ni wa kupigia picha?" Nikicheka nao, lakini ikiniuma.

Mtu pekee aliyejua kazi pale bandani alikuwa mtunza farasi, Mutua, Mkenya wa makamo aliyeanza kazi hii tangu kwao. Kiarabu chake ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Kwa hiyo akiwa na jambo la maana la kumwambia mudarrib, alinisubiri mimi.

Siku ya mbio, kabla farasi hajatandikwa, Mutua alinivuta mkono. "Bosi, waambie huyu leo asikimbie. Mguu wa mbele wa kushoto uko na moto, na jana chakula aliacha nusu. Mimi naona tumrudishe tu."

Mudarrib alikuwa kasimama hatua mbili kutoka kwetu, simu sikioni. Mudarrib wa kweli angeinama akaushika mguu ule kwa mkono wake. Huyu aliisogeza simu kidogo, akaniuliza kwa Kiarabu, "Anasemaje?"

Nikamjibu, "Anasema yuko tayari."

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Nilikuwa nimevaa dishdasha mpya, nimewaalika mafundi wangu wote, Khalfan kaja na watoto wake. Nikajiambia kuwa Mutua anamdekeza mno farasi huyu, joto la mguu litapoa akianza kukimbia. Mudarrib akaitikia kwa kichwa, akaashiria atandikwe. Mutua akanitazama. "Umemwambia vile nimesema?"

"Nimemwambia," nikasema.

"Haya, wao ndio wakubwa," akasema, akamvisha hatamu.

Marjani aliongoza mpaka kona ya mwisho. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, napiga kelele. Hapo mguu ule ule ukavunjika. Mpandaji alisalimika, alhamdulillahi. Daktari wa wanyama akaja na sindano, wakashika turubai ili watu wasione, lakini mimi niliziona kwato zake kwa chini mpaka zikatulia. Watoto wa Khalfan walilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mudarrib alipoulizwa akasema, "Mimi nilimuuliza mtunzaji, akasema yuko tayari. Shahidi huyu hapa, ndiye aliyetafsiri." Wote wakanigeukia. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndio ushahidi. Sasa Khalfan anataka Mutua arudishwe kwao. Na habari za mabandani hazifichiki, mtu aliyesemwa kuwa kaficha ugonjwa wa farasi hakuna atakayemchukua tena, si hapa wala kwengine Ghuba. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imempitia mtu mwengine kwanza.

Ningeweza kusema basi, nikiri yaishe. Lakini Khalfan ndiye aliyenipigania nipewe dada yake, wakati wazee wao hawakutaka mtu wa Unguja. Watoto wangu wanakula kwake kila Ijumaa. Nitamtazama vipi?

Alhamisi baada ya alasiri tunakutana kwa Khalfan ili Mutua ajitetee, na mtafsiri ni mimi. Jana Mutua kanipigia simu. Hana kinyongo na mimi hata chembe, na hilo ndilo linaloniua. "Bosi, wewe ulisikia vile niliwaambia," alisema. "Lakini wakisikia kwako watadhani unanihurumia. Nifundishe hayo maneno kwa Kiarabu, niyashike kichwani, niwaambie mimi mwenyewe: niliwaambia mguu uko na moto." Nikamwahidi nitamrekodia sauti, aisikilize mpaka azoee.

Mpaka sasa sijamrekodia. Nikimfundisha ukweli, atautamka mbele ya shemeji yangu bila kujua kuwa ananishtaki mimi. Na nafsi yangu, Mungu anisamehe, imeshanionyesha njia nyingine: nimfundishe maneno ya kuomba radhi, ayatamke kwa moyo wake wote akidhani anajitetea. Nimeshayapanga hata maneno yenyewe kichwani. Nilipojishtukia nikajiogopa.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nnastahiki, lakini mkishamaliza nipeni na ushauri. Nianze kwa Khalfan, au nianze kwa Mutua mwenyewe? Asubuhi hii kaniandikia tena, "Bosi, bado nangoja yale maneno." Nimjibu nini?