Rupia Nilizozisugua kwa Majivu

Mkufu wangu una rupia za fedha, zile za zamani zenye kichwa cha mfalme. Nyanya yangu alizipata kwa kuuza samli Wajir, akampa sonara azitoboe, akazivaa. Wakati ule mwanamke alivaa mali yake shingoni. Ukame unaua kondoo, lakini fedha hainywi maji. Nami niliuvaa siku ya harusi yangu, na siku nyingi nilikuwa nimemwahidi mjukuu wangu wa kike, ambaye naishi naye hapa Garissa.

Yeye hakuutaka. Alitaka cherehani. Amesomea ushonaji, na alikuwa akishona kwa cherehani ya jirani, jirani akiwa amechoka. Siku moja akanionyesha kwenye simu rupia kama zangu, akasema kuna watu wanaziweka tu kabatini kuziangalia, na wanazinunua kwa bei ya ngamia. Nikamwambia watu hao hawana kazi.

"Ayeeyo, kazi hawana, lakini pesa wanazo."

Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali. Akiitamka polepole hivyo, najua kuna kitu anataka. Nilikasirika kidogo, kisha nikawaza: mkufu umelala sandukuni, cherehani italisha mtu. Nikamwambia haya, mtafute huyo mnunuzi.

Akampata mwanamume wa makamo wa Nairobi, anayezunguka akinunua sarafu kuukuu. Akamtumia picha. Yule akajibu kwamba matundu si neno, amezipenda hivyo hivyo, anakuja.

Sasa mimi nimeuza mifugo tangu sijaolewa. Mnyama hapelekwi sokoni na matope. Unamwosha, unamnywesha maji ashibe, unampaka mafuta kwenye pembe, ndipo unamtoa mbele ya watu. Basi asubuhi ya siku ya mgeni niliketi uani na majivu na ndimu, nikazisugua rupia mpaka mkono ukaniuma. Ziling'aa. Mfalme alikuwa amebakiwa na pua kidogo, nayo ikaondoka.

Mgeni akaja, akapewa chai. Alipoushika mkufu aliugeuza huku na huku.

"Mama, nani amezisugua?"

"Mimi. Ulitaka nikuuzie mali chafu?"

"Ndiyo, mama."

Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba ule weusi ndio umri wa sarafu, ndio wateja wake wanaoutaka, na ukishatoka haurudi upesi. Sasa ilibaki fedha ya kupimwa kwenye mizani tu, ikayeyushwe. Nikamwambia ya kuyeyushwa siuzi. Kama ni weusi anaotaka, arudi baada ya miaka mia. Alicheka, akamaliza chai yake, akaaga vizuri. Hakuwa mtu mbaya.

Mjukuu hakucheka. Alikusanya vikombe bila kuniangalia, na hakuninung'unikia hata neno moja. Angeninung'unikia, ningemfokea, mambo yakaisha. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikonishinda.

Nilikuwa na fahali, alikuwa kwa mwanangu kule Sangailu, nimemweka kwa ajili ya harusi ya msichana huyu. Nikaagiza aletwe. Harusi itakula mbuzi, haitakufa. Alipofika nilimwosha kwa sabuni, nikampaka samli kwenye pembe mpaka zikawaka, nikampeleka mwenyewe sokoni. Watu walimzunguka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza matope yake yameenda wapi.

Cherehani iko mlangoni sasa, na asubuhi yote inanipigia kelele. Mkufu anauvaa akishona. Anasema wateja wanausifu, wengine wanaleta kitambaa wapate kuuangalia. Juzi nilimkuta ameushika kwenye mwanga, akitafuta kama weusi umeanza kurudi. Nikamwambia aache, ashone. Na majivu nimeyaweka mbali na mkufu.