Wale wa Pembeni

Fundi wa fremu wa pale Ruwi, Uarabuni, huzungumza na misumari midogo mdomoni, na picha huishika kingoni, kidole chake kisiguse uso wa mtu. Wateja wa Kizungu yeye huwagombeza kwa Kiswahili cha Unguja. Muhsina, mwenye duka, huyageuza maneno yake kuwa Kiingereza na kuyatia sukari njiani. Asubuhi moja ya Novemba, Mkanada mmoja alileta picha ya kikosi cha marehemu baba yake, enzi za vita vya Hitler. Akataka ikatwe, abaki baba tu, afisa aliyekaa katikati. Fundi akawatazama wale wa pembeni: mmoja kashika sufuria, mwingine kafungwa bendeji kichwani. Akaitema misumari kiganjani.

“Kwani hawa walikwenda vitani kumbebea mkoba baba yake? Huyu mpishi risasi zilimstahi? Hawana wana wao hawa?” Akausukuma mkasi hadi mbele ya mteja. “Mwambie akate mwenyewe, mwanangu, na huku anawatazama usoni.”

Mkanada akamgeukia Muhsina, akingoja tafsiri. Muhsina akamfasiria neno kwa neno, bila ya chembe ya sukari.