Mkono wa Kushoto wa Gauni

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilianza kwa ugomvi wa sukari. Mke alisema fundi ameweka sukari ya watu wawili kwenye kikombe kimoja. Fundi akasema yeye ndiye hao watu wawili. Mke akamtazama tumboni, akakubali.

Kisha mke akavaa gauni lake la bluu la kazini, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. Gauni likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mabega yalikaa palepale, lakini ubavuni palikuwa na nafasi ya kupitisha mgeni. Fundi aliona kabla yake. Kuona ndiyo kazi yake. Akabana pini mbili mdomoni, akachukua chaki, akamsogelea polepole kama paka aliyeona sahani ya samaki.

"Nipunguze kidogo hapa ubavuni?" alisema kupitia pini. "Dakika moja tu."

Mke akacheka. Alicheka mpaka akashika meza ya kukatia. Kisha akamjibu, na fundi nusura ameze pini zote mbili. Jibu lenyewe litakuja mahali pake. Asiyejua habari ya mkono wa kushoto hatajua kilichomchekesha.

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu cherehani, upande ule kiti cha kusukia. Mke alikuwa msusi. Wateja walimwita Mama Vidole, kwa sababu vidole vyake vilikimbia kichwani mwa mtu huku mdomo wake ukikimbia kwingine, na vyote viwili vilifika. Kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili, hivyo nusu ya wanawake wa mtaa walisukwa wakimsikiliza fundi akikaripiwa. Alizoea. Wengine walimpa pole wakitoka.

Alimwoa ndani ya gauni alilomshonea mwenyewe. Kwenye picha ya harusi mkono mmoja wa gauni ni mfupi kuliko mwenzake. Fundi hadi leo anasema picha ndiyo iliyopinda.

Siku mke alipokuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto, alikuwa anaoga. Alitoka, akasema ni kama kifungo kilichoangukia ndani ya bitana. Fundi, mwenye akili zake, akasema labda ni mbu.

"Mbu gani, mume wangu, anayeuma kwa ndani?"

Akaenda hospitali siku ileile. Alipigwa picha, kisha akachomwa sindano ya kutoa kipande kidogo cha nyama cha kupima. Fundi alikuwepo. Ameshika sindano tangu hajaota ndevu, lakini alipoiona ile, alianguka chini na benchi lake. Muuguzi akamwacha mgonjwa, akaja kumpepea mzima. Mke akiwa kitandani akauliza, "Amepona?"

Ilikuwa saratani. Walimtoa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Baadaye zikaja dripu, na nywele zikaondoka. Msusi akawa na kipara. "Zangu nimezipa likizo," aliwaambia wateja. "Zenu hazina ruhusa. Kaa vizuri."

Matibabu yalipokwisha, daktari mmoja kijana, mwenye miwani, akawaita. Alikuwa anafanya utafiti juu ya wanawake waliopona. Alieleza taratibu, na hata fundi akaelewa. Mtu akishatolewa tezi za kwapani, maji ya mwili hukosa njia, na mkono unaweza kuvimba. Ukiwahiwa, unashuka. Ukicheleweshwa, unabaki hivyohivyo na vidole vinakuwa vigumu.

Mke akaviangalia vidole vyake. "Huu mkono ndio sufuria yangu, daktari. Niandike."

Utafiti ulikuwa na makundi mawili. Kundi moja lingepimwa mkono kwa futikamba kila mwezi. La pili lingepigiwa simu na kuulizwa maswali, ili ijulikane kama maswali peke yake yanatosha kwa wanawake wanaoishi mbali. Nani aingie wapi, ilipigwa kura. Mke akaangukia kwenye maswali.

Fundi aliona ametukanwa. "Mimi futikamba ninayo shingoni tangu ujana wangu," alimwambia daktari, "halafu sisi ndio mnatuweka kundi la kuulizwa?"

"Ndiyo maana tunapiga kura, mzee," daktari alisema kwa adabu. "Asichague mtu."

Basi kila mwezi simu ikalia. Mpigaji alikuwa dada mmoja wa utafiti mwenye sauti laini. Mkono ni mzito? Ngozi imekaza? Mkono wa nguo unabana? Mke alijibu huku anasuka, simu kaibana kwa bega. Uzito aliuona ni wa kazi, maana kutwa nzima mikono iko juu. Ngozi hakuona tofauti. Likabaki swali la nguo.

Na hapo ndipo fundi alipotia mkono wake.

Siku moja alikuwa anapiga pasi gauni la mke. Akaona mshono wa kwapa la kushoto umevutika, nyuzi zimetokeza kama meno. Alijua. Mtu wa cherehani haambiwi mshono unalia nini. Lakini alijiambia kitambaa kimenywea kwa kufuliwa. Kitambaa kinachonywea mkono mmoja tu hakijafumwa bado duniani, ila mtu akitaka kuamini haendi kuuliza kiwandani. Akafumua, akaachia kidogo, akashona upya. Halafu akalifuata gauni la pili. Halafu yote.

Hakutaka mke aogope. Mke alikuwa amerudi kucheka, nywele zimeanza kuota, na fundi alikuwa hana hamu ya kurudi kwenye lile benchi.

"Magauni yako siku hizi yananikaa vizuri," mke alimwambia asubuhi moja. "Naona uzee umekufundisha kazi."

Na fundi, badala ya kukiri, akapokea sifa. Hata kifua alikitoa.

Simu ikalia. "Mkono wa nguo unabana, mama?"

"Haubani hata kidogo, dada yangu. Mume wangu ni fundi."

Upande wa pili wa pazia, fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa hakikuwa na kitambaa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka yaharibike kabisa, kama si blauzi. Hospitali iliandaa mkutano wa wanawake waliopona, na kila mmoja akapewa blauzi ya rangi moja iliyoshonwa na fundi mwingine. Mke alichukua saizi yake ya siku zote. Alipoijaribu nyumbani, mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukakwama katikati.

Fundi akaruka juu. "Umeona? Umeona kazi za watu? Huyu hajui mkono wala mguu! Mtu kama huyu anaachiwa mkasi!"

 Mke akaivua blauzi, akaigeuza nyuma mbele, akatia mkono wa kulia kwenye uleule uliokataa. Ukapita bila kusitasita. Akasimama hivyo, nguo imegeuka, anafikiri. Kisha akalichukua gauni la bluu, akalilaza mezani, akalikunja katikati, mkono juu ya mkono. Wa kushoto ulitokeza kando kwa upana wa vidole viwili.

"Baba watoto. Hii nini?"

"Hiyo ni... fasheni."

"Fasheni ya mkono mmoja?"

"Ndiyo zinakuja hizo."

Mke akalikunja la pili. Akalikunja la tatu. Fundi akaona afadhali angeoa kipofu. Upande wa pili wa pazia, mteja ambaye nusu ya kichwa chake haijasukwa akasema, "Mama, mimi naweza kurudi kesho," na asiinuke, maana hakutaka kupitwa.

Walikwenda hospitali wakiwa wamenuniana. Au tuseme mke amenuna, na fundi amebeba mfuko wenye magauni, kama mwizi aliyekamatwa na mali. Daktari akaupima mkono kwa futikamba. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akatazama alama inavyojaa polepole.

"Mama, miezi yote umejibu nguo haibani."

"Haikubana. Muulize bingwa."

Fundi akaeleza. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama aliyedhani tatizo ni kioo.

"Kwa nini, mzee?"

"Niliogopa kwamba ataogopa."

"Nani alikutuma uniogopee?" mke akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata fundi maini. "Hofu ni yangu, na mkono ni wangu. Ningekosa vidole hivi, ungenishonea vingine?"

Fundi akaukumbatia mfuko wa magauni. 

Daktari alisema bado uvimbe ni laini, huenda ukashuka, ila haahidi. Mke akapewa mkono wa mpira unaobana kutoka kiganjani hadi begani, avue wakati wa kulala tu, na mazoezi ya kuinua na kukunja ngumi. Muuguzi alipomvalisha, akamgeukia fundi. "Na huu, mzee, usiuguse."

Zilikuwa wiki ndefu. Mke alisuka watoto tu, vichwa vidogo, na alipumzika kila mstari. Fundi alipika. Watu walikula kwa kumhurumia. Kila asubuhi mke alitia mkono kwenye gauni la bluu, ambalo fundi alilirudisha kwenye kipimo chake cha zamani mbele ya macho yake, na kila asubuhi ulikwama. Halafu siku moja ukapita. Kwa kusukumwa, lakini ukapita. Haukurudi wote kama zamani, ila vidole vilipona, na mdomo haukuwahi kuugua.

Mke akaweka sheria. "Magauni yangu yakatwe kwa kipimo hikihiki. Likibana, nataka nijue mimi kwanza." Fundi akaapa.

Mwezi uliofuata simu ikalia, na dada wa utafiti alikuwa na swali jipya kwa wanawake wote: nguo zako zinashonwa na mtu wa nyumbani kwako? Fundi husema huo ndio mchango wake kwa tiba ya binadamu. Hakuna aliyempa hati.

Walipata miaka mizuri baada ya hapo. Alisuka mabinti, kisha mabinti wa mabinti. Mpaka asubuhi ile ya sukari, gauni la bluu liliponing'inia, na fundi, kiapo chake kikiwa kimemtoka kichwani, akamwendea na chaki.

Baada ya kumjibu, mke alichukua mkoba wake wakaenda hospitali, na gauni likiwa hivyohivyo mwilini. Ugonjwa ulikuwa umerudi, safari hii kwenye ini. Alijua siku ileile, akapanga mambo yake kwa akili yake, akawasuka mabinti zake mmoja mmoja mpaka alipochoka. Hakudumu sana.

Juzi binti yao mkubwa aliliomba lile gauni. "Baba, nipunguzie ubavuni, nivae." Fundi akalilaza mezani. Akachora chaki. Akashika mkasi, akauweka. Akapangusa chaki kwa kiganja, akampa gauni kama lilivyo. Binti akauliza kwa nini. Fundi si mtu wa maneno, hivyo akamwambia ya mama yake, aliyoyasema asubuhi ile mbele ya kioo, ameshika meza, machozi ya kicheko yakimtoka:

"Liache lipwaye, Fundi. Gauni halijanioa, halina sababu ya kunidanganya."